Sura ya Tano: Bei ya Mwezi na Bei ya Jioni

Mji wa Karatu, ambao kwa wasafiri wengi ni kituo cha mwisho cha mafuta na chakula kabla ya lango la Lodoare, unafaa sana kwa kuchunguza suala ambalo kwa kawaida huandikwa kana kwamba linazihusu nchi tajiri peke yake: je, mtu anayetaka filamu, tamthilia au muziki wa kidijitali hunufaika zaidi kwa kulipia kila kazi bei yake, au kwa kulipa kiasi kimoja kila mwezi na kufunguliwa ghala zima? Njia ya kwanza itaitwa katika sura hii malipo kwa kila kazi, na ya pili malipo ya kifurushi, kwa kuwa neno kifurushi limekwisha kuzoeleka nchini Tanzania kwa huduma inayonunuliwa kwa muda maalumu na kukoma muda huo unapokwisha. Wakazi wa Karatu wanauelewa ubishani huu bila kufundishwa na kampuni yoyote ya burudani, maana sehemu kubwa ya fedha inayopita wilayani mwao hutozwa kwa vipimo vya namna hiyo: mgeni anayeingia Ngorongoro hulipa kiingilio cha saa 24, na gari linaloshuka ndani ya kreta hulipiwa ada ya pekee kila linaposhuka, hata kama lilishuka jana.

Katika historia fupi ya biashara ya burudani ya kidijitali, kifurushi ndicho kilichoshinda. Netflix ilipoanza kukodisha filamu kwa njia ya posta nchini Marekani mwaka 1998 ilitoza kila diski, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye ada ya mwezi. Apple ilifungua duka lake la muziki Aprili 2003 ikiuza wimbo mmoja kwa senti 99 za dola, huku kiongozi wake, Steve Jobs, akiidharau hadharani biashara ya kukodisha muziki kwa mwezi. Miaka mitano baadaye Spotify ya Sweden ilianza kutoa huduma, na Juni 2015 Apple yenyewe ikaanzisha kifurushi cha muziki. Kufikia mwaka 2023 utiririshaji, yaani kusikiliza au kutazama moja kwa moja kutoka mtandaoni bila kununua nakala, ulikuwa umechukua asilimia 84 ya mapato yote ya muziki uliorekodiwa nchini Marekani.

Sababu ya ushindi huo ni ya kiuchumi kabla ya kuwa ya kiteknolojia. Nakala ya ziada ya filamu ya kidijitali humgharimu muuzaji karibu na sifuri, kwa hiyo kumnyima mtu filamu ambayo hangeinunua kwa bei kamili ni hasara kwa pande zote mbili, na wanauchumi Yannis Bakos na Erik Brynjolfsson walionyesha mwaka 1999 kwamba bidhaa za aina hiyo zikifungwa pamoja kwa wingi humletea muuzaji mapato makubwa kuliko zikiuzwa moja moja. Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kuna kaya mbili, ya kwanza ikiwa tayari kutoa shilingi 12,000 kwa ajili ya mpira na 4,000 kwa ajili ya tamthilia, na ya pili ikiwa na mapenzi yaliyo kinyume chake. Muuzaji akiuza kila kimoja kwa 12,000 atapata 24,000 kutoka kwa kaya zote mbili, na kila kaya itakosa kitu. Akifunga vyote katika kifurushi cha 16,000 atapata 32,000, na hakuna atakayekosa. Kampuni yoyote ya televisheni inayochanganya Ligi Kuu na tamthilia za Kituruki zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kama Azam ilivyofanya kwa mafanikio makubwa kwa kisa cha Sultani Suleiman, imeifanyia kazi hesabu hii, iwe imesoma makala ya maprofesa hao au haikuisoma.

Hata hivyo hesabu hiyo ina sharti lisilotamkwa, nalo ni kwamba mlipaji anajua mwezi ujao atakuwa na kiasi gani mfukoni. Hata mahali ambapo sharti hilo linatimia, kifurushi huwapunja wengi: utafiti wa Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, uliochapishwa mwaka 2006, uliwafuatilia wanachama wa kumbi za mazoezi nchini Marekani waliolipa zaidi ya dola 70 kwa mwezi, ikaonekana kwamba walihudhuria kwa wastani mara nne na kidogo, kiasi kwamba kila ziara iliwagharimu takriban dola 17 ilhali wangeweza kununua tiketi ya ziara 10 kwa dola 10 kila ziara. Watu hao walikuwa na mishahara na kadi za benki zilizokatwa kimyakimya. Karatu uzembe wa namna hiyo ni nadra, kwa sababu huduma nyingi hulipwa kabla na kwa pesa za simu, na hakuna mtu wala mtambo unaochukua fedha bila mwenyewe kubonyeza namba ya siri. Hapo mlipaji wa Karatu ana kinga ambayo mlipaji wa Boston hana.

Kalenda ya fedha ya wilaya hiyo haifanani na kalenda ya mishahara. Dereva mwongozaji, mpishi wa kambi na mhudumu wa loji huwa na kazi nyingi kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuanzia mwishoni mwa Desemba, kisha masika ya Aprili na Mei yanapofika magari hupungua barabarani na baadhi ya loji hufungwa. Mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, hupata fedha ya mkupuo anapouza mavuno, na bei anayouzia hutegemea wanunuzi waliofika wiki hiyo. Mchumaji wa kahawa wa Oldeani hulipwa kwa kadiri alivyochuma, na mfugaji wa Endulen au Nainokanoka, katika wilaya jirani ya Ngorongoro, huwa na fedha taslimu siku ya mnada, akishauza mbuzi au ng'ombe. Kumwambia mtu wa namna hii aahidi kiasi kilekile kila tarehe moja ni kumtaka abebe hatari ambayo kampuni yenye wateja milioni ingeibeba kwa urahisi zaidi kuliko yeye, na hilo, kuliko suala la bei kuwa kubwa au ndogo, ndilo linaloamua njia ipi itashika wilayani.

Kabla ya intaneti ya simu, burudani ya Karatu, kama ya miji midogo yote ya Tanzania, ililipiwa kwa kila kazi. Mkanda wa video ulikodishwa kwa siku, na banda la video lilitoza kiingilio kwa kila onyesho. Filamu za kigeni zilisimuliwa kwa Kiswahili na wafasiri ambao mashuhuri wao alikuwa Derek Mukandala wa Dar es Salaam, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, na ambaye sauti yake ilisafiri kwa kanda kwenda mbali kuliko yeye mwenyewe. Baadaye zikaja VCD na DVD za Bongo Movie, zilizosambazwa na kampuni kama Steps Entertainment na kubebwa na umaarufu wa Steven Kanumba hadi kifo chake Aprili 2012, na pamoja nazo wakaja wachomaji, yaani wenye kompyuta moja na printa moja waliotengeneza nakala kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Serikali ilijibu mwaka 2013 kwa stempu za kodi zilizobandikwa kwenye kila nakala ya filamu na muziki, hatua iliyobuniwa kwa ajili ya diski wakati diski zenyewe zilikuwa zinaanza kuondoka sokoni.

Aliyechukua nafasi ya diski ni fundi wa simu. Katika vibanda vya mjini, mtu hupeleka memori kadi au flashi na kurushiwa nyimbo na filamu kwa bei inayohesabiwa kwa idadi ya kazi au kwa ujazo, na dereva anayejiandaa kwa safari ya siku tano ya Serengeti huweza kuondoka na muziki wa safari nzima. Haya ni malipo kwa kila kazi katika hali yake safi kabisa, isipokuwa kwamba mlipaji hulipia jasho la fundi, umeme wake na ujuzi wake wa kuchagua, huku msanii asipate hata senti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyounda chama cha hakimiliki kinachojulikana kama COSOTA, inaukataza mwenendo huo waziwazi, lakini mteja anauona kama ununuzi halali kwa sababu ametoa fedha na kupewa kitu kinachobaki naye.

Kwa hiyo wajasiriamali wa muziki walipojaribu kuuza wimbo mmoja mmoja kihalali mtandaoni, kama Diamond Platnumz alivyofanya kupitia Wasafi.com kwa bei ya shilingi mia chache tu, walikuta soko ambalo lilikwisha kuwa na bei ya wimbo mmoja, iliyowekwa na fundi wa kibandani na kushushwa hadi bure na YouTube. Bei ya mia chache haikuwa kubwa. Ugumu ulikuwa kwamba ili kuitoa, mnunuzi alihitaji pia bando.

Bando, yaani kiasi cha intaneti kinachonunuliwa kabla kwa siku, wiki au mwezi, ni bei ya pili iliyojificha chini ya kila bei nyingine, na uchambuzi mwingi wa kigeni hauioni kwa kuwa umeandikwa na watu wenye intaneti isiyohesabiwa. Filamu ya saa mbili kwa ubora wa kawaida huweza kula hadi gigabaiti mbili. Muziki unaotiririshwa kwa kilobiti 160 kwa sekunde hula takriban megabaiti 72 kwa saa. Aliyelipia kifurushi cha Netflix, ambayo ilifunguliwa kwa nchi za Afrika Mashariki Januari 2016, au cha Spotify, iliyoingia Tanzania mwaka 2021, ameahidiwa ghala lisilo na kikomo, lakini kila anapoufungua mlango wa ghala hilo mtandao wa simu humtoza kiingilio. Akirudia wimbo uleule mara 20 bila kuuhifadhi, amelipa mara 20. Kwa maneno mengine, kwa mtu wa Karatu kifurushi cha utiririshaji kimegeuka kuwa malipo kwa kila kazi, tena yenye masharti mabaya kuliko ya fundi wa kibandani, ambaye hutoza mara moja tu. Vurugu za Aprili 2021, pale mabadiliko ya bei za vifurushi vya intaneti yalipozua malalamiko makubwa kiasi cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kuyasitisha ndani ya muda mfupi, zilionyesha wananchi wanajua vyema ni bei ipi kati ya hizo mbili inayowaumiza.

Ndiyo maana huduma zilizopenya zaidi vijijini ni zile zilizoruhusu kupakua. Boomplay, iliyozaliwa Nigeria mwaka 2015 na kusafiri Afrika nzima ikiwa imewekwa tayari ndani ya simu za Tecno, Infinix na itel, humwezesha mlipaji kuhifadhi nyimbo simuni. Mdundo ya Kenya ilichagua kumpa msikilizaji faili bure na kulipwa na watangazaji. Katika vijiji vya ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, ambako simu nyingi huchajiwa kwa sola na mnara ulio karibu unaweza kuwa upande wa pili wa mlima, faili lililokwisha kupakuliwa lina thamani ambayo utiririshaji hauna, hata kama Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umeendelea kusaidia ujenzi wa minara katika maeneo ambayo kampuni zisingeyafuata kwa faida pekee.

Televisheni ya dishi ina hadithi tofauti kabisa, na hapa kifurushi kilishinda Karatu kwa haki. Mawimbi ya setilaiti hayahesabu saa wala gigabaiti: dishi likishafungwa na king'amuzi kikalipiwa, saa ya mia moja ya kutazama haigharimu zaidi ya saa ya kwanza, na ile hesabu ya Bakos na Brynjolfsson inafanya kazi kama ilivyoandikwa. Kuzimwa kwa mitambo ya analojia, kulikoanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na kufuatiwa na miji mingine, kuliwazoesha wananchi king'amuzi kama chombo cha lazima. Azam TV ilianza mwaka 2013 na kuichukua Ligi Kuu ya Tanzania Bara, na mwaka 2021 ikatia saini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mpira ni bidhaa inayofaa kifurushi kwa namna ya pekee, kwa kuwa mechi ya jana haina thamani kubwa leo, hivyo haiwezi kuhifadhiwa kwenye flashi na kuuzwa kibandani wiki ijayo.

Lakini hata hapo kalenda ya fedha hudai haki yake. King'amuzi hulipiwa wakati wa msimu wa wageni na wakati wa mechi ya Simba na Yanga, kisha hukaa kimya miezi ya masika, na kampuni zimelazimika kufuata mwendo huo: StarTimes huuza vifurushi vya siku na vya wiki pamoja na vya mwezi, hatua ambayo kwa mtazamaji imekaribia kuwa malipo ya mechi moja. Soko la nishati lilikuwa limekwisha kutoa somo hilo. Shirika la umeme, TANESCO, liliacha ankara za mwisho wa mwezi na kuingiza mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia, na kampuni ya Off Grid Electric, iliyoanzia Arusha na baadaye kuitwa Zola Electric, ilijenga biashara yake ya sola juu ya malipo madogo ya pesa za simu yaliyonunua siku za mwanga. Ni ajabu kidogo kwamba waliouza mwanga waliielewa kaya ya kijijini mapema kuliko waliouza picha.

Uvumbuzi mkubwa zaidi, hata hivyo, haukutoka kwenye kampuni yoyote. Kibanda umiza, ukumbi wa mabati na mabenchi unaoonyesha mpira na filamu kwa kiingilio cha shilingi mia kadhaa, ni mtambo wa kugeuza kifurushi kuwa malipo kwa kila kazi: mwenye kibanda hubeba ahadi ya mwezi, watazamaji hamsini hununua jioni moja moja, na hatari ya msimu mbaya hubaki kwa yule aliye tayari kuibeba. Masharti ya vifurushi vya nyumbani hayaruhusu biashara hiyo, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka mahali pa kuonyeshea filamu pawe na kibali, kwa hiyo vibanda vingi huishi kwenye kivuli cha sheria. Kwa maoni ya sura hii, kampuni ingepata zaidi kwa kumpa mwenye kibanda leseni nafuu ya mwezi kuliko kwa kumwinda, kwa sababu yeye ndiye muuzaji wake wa rejareja, na anafanya kazi ya ukusanyaji ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuifanya kwa gharama ileile.

Upungufu mwingine wa kifurushi hauhusu bei, bali kilichomo, kama filamu tatu za ukanda huu zinavyoonyesha. Michael Grzimek, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1959 akitengeneza na baba yake, Bernhard, filamu ya Serengeti iliyokuja kushinda tuzo ya Oscar mwaka 1960, amezikwa ukingoni mwa kreta. Hatari! ya Howard Hawks ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika na kutoka mwaka 1962. The Royal Tour, iliyomshirikisha Rais Samia Suluhu Hassan, ilizinduliwa Arusha tarehe 28 Aprili 2022 baada ya New York na Los Angeles. Mwalimu wa Karatu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi filamu hizo tatu hana kifurushi kimoja anachoweza kutegemea kwamba kitakuwa nazo zote leo na bado kiwe nazo mwakani, kwa kuwa ghala la kifurushi hubadilika kadiri mikataba ya haki inavyokwisha. Kwa kazi chache zenye umuhimu wa kudumu, kununua nakala bado ni busara.

Swali linalobaki ni la msanii, na hapa ndipo tofauti ya njia hizi inapokuwa kali. Huduma nyingi za muziki hugawa mapato kwa chungu kimoja: fedha za wasikilizaji wote wa nchi hukusanywa, kisha kila mwenye haki hupewa sehemu inayolingana na fungu lake la usikilizaji wote. Tokeo lake ni kwamba mlipaji wa Rhotia anayesikiliza nyimbo za Kiiraqw peke yake, mwezi mzima, huona sehemu kubwa ya ada yake ikienda kwa nyota wa Bongo Fleva na wa ng'ambo ambao hakuwasikiliza hata mara moja, kwa kuwa wasikilizaji wa mijini wenye bando kubwa husikiliza saa nyingi kuliko yeye na hivyo huwa na kura nyingi zaidi katika mgawo. SoundCloud ilianza mwaka 2021 kujaribu utaratibu mwingine, ambamo ada ya kila msikilizaji hugawiwa kwa wale tu aliowasikiliza. Kwa lugha yenye wasemaji wachache na wapenzi waaminifu, kama Kiiraqw au Kidatoga, mabadiliko hayo ya hesabu yangekuwa na maana kuliko punguzo lolote la bei. Mirabaha ya redio na televisheni iliyogawiwa na COSOTA Januari 2022, zaidi ya shilingi milioni 312 kwa nchi nzima, ilikuwa mwanzo mzuri, ila kwa msanii wa wilayani mgawo wa kitaifa daima utakuwa mdogo.

Kwaya za makanisa zina utaratibu ambao vitabu vya uchumi vya kigeni havijaupa nafasi. Kwaya inapokamilisha albamu hufanya uzinduzi, ambamo mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa laki kadhaa au hata milioni, wafanyabiashara hufuata kwa viwango vyao, na muumini wa kawaida huchukua diski au flashi ileile kwa bei ya kawaida. Kila mtu amelipia kazi moja, lakini kila mtu amelipa kwa kadiri ya uwezo wake na kwa hiari, jambo ambalo kampuni za utiririshaji hulitafuta kwa vifurushi vya wanafunzi, vya familia na vya simu pekee, bila kulifikia. Gharama za studio hulipwa siku hiyohiyo. Nyimbo zikishapandishwa YouTube wiki inayofuata, mapato ya matangazo yanayopatikana huko huwa nyongeza juu ya albamu ambayo tayari imejilipa.